Aliyetufundisha Kulisikiliza Neno "Sijambo"

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, zamu ya asubuhi itakapokabidhi kazi kwa zamu ya jioni, Mama Salamu atavua kitambulisho chake na kukirudisha utawala. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali hii. Isipokuwa miwili ya mwanzo, yote ameitumikia Idara ya Dharura. Wengi mnaosoma jarida hili hamjawahi kulisikia jina lake halisi. Hata karani wa utawala aliyeandaa barua yake ya kustaafu ilibidi atupigie simu kuuliza huyu ni nani, na tulipomwambia ni Mama Salamu, akauliza kama hakuna namna ya kuichelewesha ile barua.

Hilo ndilo lililotusumbua sote tangu Januari. Kwa miaka mingi, mtu aliyeletwa hapa akiwa taabani alikutana kwanza na Mama Salamu, na mara nyingi alipona kwa sababu hiyo. Swali lililotawala chumba cha chai lilikuwa moja: akiondoka, mlango tunamwachia nani? Uongozi nao ulijiuliza, ukamwandikia barua kumwomba abaki kwa mkataba wa miaka miwili zaidi. Hakukataa papo hapo. Alisema ataifikiria barua hiyo, akaikunja, akaitia mfukoni.

Alikuja kwetu akiwa muuguzi kijana, moja kwa moja kutoka chuoni, akapangiwa wodi ya wazazi. Huko walimpenda, na wangali wanadai kwamba tuliwaibia. Alihamishiwa Dharura kwa muda tu, kuziba pengo la mwenzake aliyekwenda likizo ya uzazi. Yule mwenzake alirudi kazini, mtoto akaanza shule, akamaliza, akaoa, na Mama Salamu alikuwa bado anaziba pengo.

Idara aliyoikuta haikuwa kama hii ya leo. Kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mabenchi manne ya mbao na meza moja ya kupokelea wagonjwa. Juu ya meza palikuwa na sanduku la vibao vya plastiki vyenye namba. Ukifika unachukua kibao, unakaa, unangoja kuitwa. Aliyeteguka kidole cha mguu akawahi alimtangulia aliyebanwa na kifua akachelewa. Hakuna aliyeona ubaya. Foleni ndiyo ilikuwa haki yetu, na aliyejaribu kuiruka alizomewa na benchi zima.

Kabla ya kibao, palikuwa na salamu. Kwetu sote mtu hapokelewi bila kusalimiwa. Muuguzi humuuliza mgonjwa hujambo, naye husema sijambo. Huulizwa habari za nyumbani, naye husema nzuri. Baada ya hapo ndipo huongeza: "ila". Ila kichwa kinaniuma. Ila tangu juzi sipati choo. Ila huyu mtoto hanyonyi. Kila lenye maana lilikuja baada ya "ila", na asubuhi yenye watu wengi muuguzi alikuwa ameshamgeukia mwingine kabla "ila" haijafika.

Jumanne moja ya mwezi wa tano, katika mwaka wa saba wa utumishi wake, aliingia bibi mmoja aliyejitanda mtandio wa kijani, ameshikwa mkono na mke wa mwanawe. Mama Salamu ndiye aliyekuwa mezani. Alisimama, akamsalimu kwa heshima kama anavyosalimiwa mtu mzima. Bibi akajibu kwa sauti ndogo: "Sijambo, mwanangu. Namshukuru Mungu. Wahudumie kwanza hao wenye watoto."

Akapewa kibao, akakaa benchi la pili, upande wa ukutani. Mara mbili alipitiwa na kuulizwa hali, na mara zote mbili alisema hajambo. Mkwe wake alijua kwamba mama alikuwa hajala wala kulala siku kadhaa, lakini kumkanusha mama mkwe mbele za watu si jambo dogo, na mama mwenyewe ameshasema hajambo. Namba ilipoitwa, bibi hakuinuka. Alikuwa ameegemea ukuta, mtandio umemfunika uso kama aliyesinzia. Wale waliokaa naye walikuwa wakizungumza kwa kunong'ona, wakichelea kumwamsha.

Kikao juu ya kifo chake kilifanyika Alhamisi ya wiki ile ile. Hakuna aliyelaumiwa. Salamu ilitolewa, jibu lilipokewa, namba zilifuatwa. Daktari mkuu wa wakati huo alikuwa tayari kulifunga jambo lile na kwenda kwenye ajenda ya mashuka, Mama Salamu aliposimama. Waliokuwapo wanasema hakupandisha sauti. Alisema yule bibi hakumdanganya mtu, alikuwa na adabu tu. "Aliniambia hajambo kwa sababu nilimuuliza kama hajambo," alisema. "Sikumuuliza anaumwa nini."

Mmoja wa wenzake aliuliza, nusu kwa kejeli, kama basi wauguzi waache kusalimu watu, wawe wanawapima kama magunia ya mahindi. Kicheko kikapita chumbani. Mama Salamu alikiacha kipite, kisha akatoa maneno ambayo leo yamebandikwa juu ya meza ya mapokezi, ingawa yeye hakupenda yabandikwe: "Salamu ibaki. Ila tusilisikie neno peke yake. Tuisikilize na pumzi iliyolibeba."

Tangu siku hiyo alianza kazi ambayo hakuna aliyempangia. Kila alipopata nafasi alisimama mlangoni akisalimu watu na kuyasikiliza majibu yao. Aligundua kwamba mtu mwenye afya husema "sijambo, namshukuru Mungu, sijui wewe" kwa pumzi moja, na bado inambakia ya kulalamikia jua. Anayebanwa hukata njiani. Hupumzika baada ya "sijambo" kama anayepanda ngazi. Aliyepoteza damu hujibu kwa kuchelewa, kana kwamba salamu imemfikia kutoka mbali. Mwenye homa iliyopanda kichwani hujibu salamu ambayo hakuna aliyeitoa. Na yupo anayejibu vizuri kabisa, ila macho yake hayamwoni aliyemsalimu. Huyo alisema ndiye wa kumkimbilia.

Baada ya salamu aliongeza neno moja: pole. Hapo zamani pole tuliitoa mwishoni, mgonjwa akishajieleza. Yeye aliihamisha ikaja mwanzo. Alieleza kwamba mtu aliyesema hajambo anaona aibu kujirudi, lakini ukimpa pole, umempa ruhusa ya kuumwa. Tulijaribu, na kweli: watu walioingia wakiwa wima walishika ukingo wa meza waliposikia neno hilo, wakaanza kusema.

Ni vizuri kuandika wazi kwamba Mama Salamu hakupata kudharau vipimo. Kipimo cha presha na kile cha kubana kidole, cha kupimia oksijeni, vilikuwa vichache siku zile, na salamu ilitusaidia kujua vimkimbilie nani kwanza. Daktari mkuu aliyefuata alimsikiliza, wakakaa pamoja wiki kadhaa, wakaondoa vibao vya namba na kuleta kadi za rangi tunazotumia hadi leo: nyekundu kwa asiyeweza kungoja, njano kwa anayeweza kungoja kidogo, kijani kwa anayeweza kutusamehe. Sanduku la vibao daktari huyo alilibeba mwenyewe hadi stoo.

Mama Salamu aliwafundisha wote, kuanzia madaktari wanafunzi hadi wafagizi na walinzi. Mlinzi wetu wa mlango mkubwa, ambaye naye hakosi mzaha, alimjia siku moja mbio kumwambia kwamba nje kuna mzee amesema "nzuri" mara tatu bila kuulizwa, kwa hiyo hali lazima ni mbaya. Tulicheka. Mzee aliingizwa ndani, na hali ilikuwa mbaya.

Shida ilikuja kwenye chumba cha chai. Ukimwambia Mama Salamu "nzuri" asubuhi, alikutazama mpaka ukajishuku. Mfamasia alipimwa malaria kwa kosa la kusema "salama tu", na ile "tu" ndiyo iliyomponza. Fundi umeme alijibu "freshi" huku ameshika shavu, akapelekwa kung'olewa jino kabla hajabadilisha hata taa moja. Daktari mkuu wetu wa sasa alikiri mbele ya kikao cha wafanyakazi kwamba presha yake haikugunduliwa na daktari yeyote. Iligunduliwa alipokuwa akipita mezani na sahani ya maandazi.

Lakini sehemu ngumu ya kazi yake wengi hawakuiona, kwa sababu haikufanyika mlangoni. Tulipoanza kuwatambua mapema wagonjwa mahututi, tulijipongeza. Walikuwa wanaonwa haraka, wanawekewa dripu na oksijeni, kisha wanalazwa kwenye machela kandokando ya korido wakisubiri kitanda ghorofa ya tatu, kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Huko ndiko ziliko mashine na wauguzi wa kumkalia mgonjwa mmoja mmoja. Walisubiri saa nyingi, wengine hadi kesho yake. Wengine hawakuifikia hiyo kesho. Mama Salamu aliipita ile korido siku moja, akarudi akasema, "Tumehamisha benchi tu. Sasa lina magurudumu."

Tatizo, kwa maelezo yake, lilikuwa ugonjwa ule ule wa mlangoni. Chini walipiga simu, juu wakapokea. Habari za huko? Nzuri. Na huko? Nzuri. Kitanda je? Kinaandaliwa. Kila upande uliweka simu chini ukiwa umeridhika, na mgonjwa akabaki koridoni. Idara nazo, alisema, zinajua kusema sijambo.

Basi akapanda ngazi. Msimamizi wa ghorofa ya tatu alikuwa, na bado ni, yule tunayemwita Shangazi wa Juu, mama hodari asiyependa kukaguliwa. Alimuuliza Mama Salamu tangu lini watu wa chini wamekuwa wahesabu mashuka ya watu. Yeye akamjibu kwamba amekuja kusalimu tu. Katika kusalimu huko akakuta kitanda kimoja kimekaliwa na mgonjwa aliyepata nafuu kiasi cha kugombana na mhudumu juu ya sukari ya uji. Alikuwa amekwama pale kwa sababu wodi ya kawaida nayo ilipopigiwa simu ilijibu kwamba kitanda chake kinaandaliwa.

Wawili hao hawakuelewana kwa miezi. Watani wao walikuwa wakisema lifti ikiwabeba pamoja lazima ikwame. Mwishowe Mama Salamu alimwalika mwenzake ashuke asimame koridoni asubuhi moja, asifanye kitu, atazame tu. Shangazi wa Juu alishuka akiwa na hoja zake zote tayari. Alimkuta baba mmoja, mtu wa makamo, fundi wa baiskeli, anasaidiwa kupumua kwa mfuko unaominywa kwa mkono. Wauguzi walikuwa wakipokezana kuuminya tangu alfajiri, na mkewe alikuwa ameketi sakafuni ameshikilia kandambili za mumewe. Shangazi aliupokea ule mfuko kwa muuguzi aliyekuwa amechoka, akauminya yeye mwenyewe mpaka kitanda kilipopatikana. Kilipatikana adhuhuri. Yule fundi alifika juu, lakini alikuwa amechelewa, na siku ya pili alifariki.

Hakuna kikao kilichoitishwa. Kesho yake asubuhi, mabibi hao wawili walionekana wakitembea pamoja, wodi baada ya wodi, wakiuliza kila kitanda kina nani na kinachomzuia kuondoka ni nini. Neno "kinaandaliwa" likapigwa marufuku kwenye simu. Anayeulizwa kitanda sasa hutaja aliyemo na anachongojea: dawa za kwenda nazo nyumbani, saini ya daktari, au ndugu wa kumchukua. Ukishajua anachongojea, unaweza kukifuata. Matembezi hayo hayajakosekana tangu hapo, na takwimu za idara zinaonyesha kilichotokea: wagonjwa mahututi wengi zaidi hupanda juu siku ile ile waliyofika, na wengi zaidi hushuka kwa miguu yao. Mama Salamu hapendi tuzisome takwimu hizo kwa sauti. Husema bado zipo siku korido inajaa, na ni kweli. Wiki iliyopita ilijaa.

Tunarudi kwenye swali la chumba cha chai, kwa sababu lilijibiwa, na halikujibiwa kwa namna ambayo yeyote kati yetu angeichagua.

Jumapili ya tarehe 16 Februari Mama Salamu alikuwa mapumzikoni. Mumewe, ambaye wengi tunamwita Mwalimu kwa sababu alifundisha jiografia mpaka alipostaafu, alikuwa na wiki nzima ya kikohozi na mguu uliovimba, akikataa kuja hospitali kwa madai kwamba nyumbani kwake kuna hospitali tosha. Mchana huo mkewe hakubishana naye tena. Gari lilipofika getini, alimwambia atulie humo ndani wakati yeye anakwenda kuleta kiti cha magurudumu. Mwalimu hakuwa mtu wa kusukumwa. Mkewe alipokwenda, alishuka, akaingia mwenyewe.

Mezani alikuwapo muuguzi mgeni kuliko wote, binti tunayemwita Kimya kwa sababu ya uchache wa maneno yake. Alikuwa hajamaliza miezi mitatu kazini na hakumjua Mwalimu kwa sura. Mwalimu naye hakujitambulisha, kwani ilikuwa amri ya nyumbani kwao kwamba jina la mama halitajwi mlangoni. Kimya akamsalimu. Mwalimu akavua kofia, akasema, benchi zima likisikia: "Sijambo kabisa, binti yangu. Ni mke wangu tu anayeniona mgonjwa."

Watu walicheka. Kimya hakucheka. Alikuwa amesikia kwamba sentensi fupi namna ile ilivutiwa pumzi mara tatu, na kwamba mzee aliyezoea mizaha alitua pale ambapo msema mzaha hatakiwi kutua. Akamwambia: "Pole, baba." Mwalimu mwenyewe ametuhadithia kwamba alikuwa na jibu zuri sana la kumpa yule binti, lakini aliposikia pole, alishika ukingo wa meza akaanza kusema ukweli.

Mama Salamu alifika na kiti cha magurudumu, akakuta kofia ya mumewe juu ya benchi la pili, upande wa ukutani, na mwenye kofia hayupo. Alisimama pale ameshika kiti kitupu. Mlinzi alimsalimu, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, hakuitika. Ndipo mlinzi akamwonyesha kwa mkono mlango wa ndani, ule wenye mstari mwekundu. Mwalimu alikuwa ameshapita humo.

Bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa wa mapafu. Madaktari wanasema angekaa na kungoja zamu yake kama watu wengine, asingefika zamu hiyo. Kitanda cha juu hakikupigiwa simu. Shangazi wa Juu alishuka mwenyewe na machela, akamtazama mtani wake, akasema tu, "Kipo. Twende." Lifti haikukwama.

Mwalimu alipona, ila si kama alivyokuwa. Hapandi ngazi tena, na mashine ya oksijeni inasimama kando ya kitanda chake nyumbani. Siku alipotolewa wodini, Mama Salamu alikuja mezani, akaketi kwenye benchi la pili, akamwita Kimya akae naye. Wengine tulisogea tukitarajia shukrani na machozi. Alimuuliza alisikia nini hasa, neno gani lilikatika, pumzi ilikuwa juu au chini, na kwa nini hakucheka wenzake walipocheka. Kimya akaeleza yote, pengine maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema tangu aajiriwe. Mama Salamu akamsikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Basi." Waliofundishwa naye wanajua kwamba hapo amemsifu mtu kwa sifa kubwa kuliko zote alizonazo.

Wiki ile ile aliitoa mfukoni barua ya mkataba wa miaka miwili na kuirudisha kwa daktari mkuu bila saini. Daktari mkuu alijaribu kumshawishi, akamkumbusha jinsi mlango unavyomhitaji. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mlango una mtu. Nyumbani hakuna."

Kwa niaba ya Idara ya Dharura, ya wodi zote zilizokaguliwa mashuka yao, na ya watu wasiohesabika waliopita mlango wetu bila kujua walisikilizwa na nani, tunamshukuru Mama Salamu. Tunawashukuru wanawe watatu, waliotuazima mama yao sikukuu baada ya sikukuu. Tunamshukuru Mwalimu, atakayekaa mstari wa mbele ukumbini siku ya Ijumaa, karibu na dirisha. Tunaomba msimsonge, na msimchekeshe sana. Tunamkumbuka pia bibi wa mtandio wa kijani, ambaye jina lake Mama Salamu analijua na hutuomba tumwombee.

Mama Salamu, nenda ukapumzike, umekaa mlangoni vya kutosha. Tunakutakia maisha mema, wewe na Mwalimu, na pumzi ndefu nyumbani kwenu. Tutakupigia simu mara kwa mara. Tutakuuliza hujambo, nawe kwa adabu yako utatuambia hujambo. Hatutakata simu hapo. Tutangoja mpaka "ila" ifike.